Vipimo safi, maumivu yapo: Msongo wa mawazo unavyochangia maumivu ya chini ya kitovu

Kila tunapogusia afya ya uzazi hewani, hutufikia ujumbe mwingi wenye swali linalofanana. Mtu anaumwa chini ya kitovu, mwaka wa pili au wa tatu sasa. Amepima mkojo, amepigwa picha ya tumbo, amemeza dawa za UTI, akarudia, akachomwa sindano za PID. Maumivu yanatulia siku mbili, yanarudi. Mwishowe anaambiwa, "Vipimo vyako viko safi, hatuoni kitu." Anarudi nyumbani na maumivu yake, fedha ya nauli imekwisha, na nyumbani wameanza kumwangalia kwa jicho la shaka.

Katika makala hii tunaeleza jambo ambalo halizungumzwi sana vijijini kwetu: namna msongo wa mawazo unavyoweza kuzidisha maumivu haya, na wakati mwingine kuyafanya yaendelee hata baada ya ugonjwa ulioyaanzisha kupona. Tunasema mapema ili tusieleweke vibaya. Kusema mawazo yanachangia hakuna maana kwamba mgonjwa anajifanya. Maumivu ni ya kweli. Njia ambayo mawazo hupitia hadi kuumiza mwili inajulikana, na kwa kuwa inajulikana, zipo hatua za kuchukua.

Ni maumivu gani haya?

Wataalamu huyaita maumivu sugu ya nyonga. Ni maumivu ya chini ya kitovu, kwenye kinena, kiuno au sehemu za siri, ambayo yamedumu miezi 6 au zaidi, yawe ya kila siku au ya kwenda na kurudi. Mmoja huhisi kitu kizito kinamvuta chini. Mwingine huhisi kuchomwachomwa au kukazwa. Yanaweza kuzidi wakati wa hedhi, wakati wa haja ndogo au kubwa, wakati wa tendo la ndoa, au baada ya kukaa muda mrefu.

Mtaani yana majina yake. Wanawake wengi huambiwa wana chango, wanaume huambiwa wana ngiri. Majina haya yamebeba magonjwa mengi tofauti, kwa hiyo mtu aliyeambiwa ana chango bado hajajua anaumwa nini.

Tatizo hili haliko kwetu tu. Nchini Uingereza, madaktari wa magonjwa ya wanawake wanakadiria kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 6 ana maumivu ya aina hii. Huko kwenye vifaa vingi, wanawake huingizwa kamera ndogo tumboni ili kutafuta chanzo, na bado kati ya theluthi moja na nusu yao hawakutwi na kitu kinachoonekana. Kwa hiyo wewe unayeambiwa "hatuoni kitu" kwenye kituo cha afya cha kata, usidhani uko peke yako duniani.

Kwanza ugonjwa utafutwe

Msongo wa mawazo usiwe jibu la kwanza. Kabla ya kuufikiria, ni lazima mgonjwa apimwe, kwa sababu magonjwa yanayoleta maumivu haya ni mengi na mengine yanatibika kabisa.

Kuna maambukizi kwenye via vya uzazi, yale ambayo wengi tunayaita PID, ambayo mara nyingi hutokana na magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia yasipotibiwa mapema. Mwenzi naye hutakiwa kutibiwa, la sivyo ugonjwa unarudi.

Kuna endometriosisi. Hapa tishu inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu 1 kati ya 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanayo, yaani takriban milioni 190 duniani. Hedhi huja na maumivu makali yanayomlaza msichana kitandani au kumkosesha shule. Picha ya kawaida ya ultrasaundi inaweza isiione.

Kuna kichocho. Watu wengi wanakijua kwa kukojoa damu, lakini mayai ya minyoo yake hukaa pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, maumivu na kutokwa damu. Kama umekulia au unaishi mahali pa kuoga, kufua au kulima kwenye maji yaliyotuama, kama ilivyo sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa na visiwa vya Unguja na Pemba, mwambie mhudumu wa afya. Wengi hutibiwa PID kwa miaka bila kuulizwa swali hili.

Kuna pia uvimbe kwenye kizazi, mawe kwenye njia ya mkojo, kufunga choo kwa muda mrefu, makovu ya upasuaji, na matatizo ya mgongo na kiuno kwa watu wanaobeba mizigo mizito.

Dalili ambazo hazisubiri

Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya:

- Maumivu makali ya ghafla, hasa kama hedhi imechelewa. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo inaua.
- Maumivu pamoja na homa kali, kutapika au tumbo kuwa gumu.
- Kwa mwanamume, korodani kuuma ghafla, au uvimbe wa ngiri uliokuwa ukirudi ndani sasa haurudi.

Na usikae nyumbani wiki nyingi ukiona damu kwenye mkojo au choo, damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya hedhi kukoma kabisa, kukonda bila sababu, au tumbo kuvimba taratibu. Hizo zinahitaji uchunguzi hata kama umeshawahi kuambiwa uko salama.

Mwili ukitishwa hufanya nini?

Sasa tuje kwenye mawazo. Mwaka 1936, mtafiti Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alichapisha taarifa fupi katika jarida la Nature. Alieleza kuwa mwili unapopatwa na madhara ya aina tofauti, kama baridi kali, jeraha au sumu, huitika kwa namna inayofanana. Kazi yake ni miongoni mwa zilizofungua njia ya sayansi ya msongo.

Kwa lugha ya shambani ni hivi. Unapalilia, mara unaona nyoka miguuni. Kabla hujafikiri, mwili umeshajiandaa. Homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, na misuli inakaza ili ukimbie au upigane. Nyoka akishapita, mwili unalegea baada ya muda, unaendelea na palizi.

Msongo wa mawazo ni nyoka asiyeondoka. Ni mkopo wa kausha damu ambao mkusanyaji wake anapiga hodi kila wiki. Ni mvua iliyokatika mahindi yakiwa magotini. Ni mama mkwe anayeuliza mjukuu kila mwisho wa mwaka. Mwili hautofautishi sana. Nao unakaza, na hauambiwi ulegee.

Misuli ambayo hatuizungumzii

Ukiwa na mawazo mengi, huenda umewahi kuona mabega na shingo vinauma jioni bila kubeba chochote. Hiyo ni misuli iliyokaza kutwa nzima. Wengi hawajui kwamba kuna misuli mingine inayofanya vivyo hivyo, iliyo mahali pa siri.

Chini kabisa ya kiwiliwili, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi mfupa wa mkia nyuma, kuna misuli iliyotandazwa kama kamba za kitanda. Imebeba kibofu, utumbo na, kwa mwanamke, mfuko wa uzazi. Ndiyo unayoibana unapozuia mkojo kwenye basi au unapozuia ushuzi mbele ya wakwe.

Mwaka 2001, watafiti nchini Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio moja rahisi. Waliwaonyesha wanawake vipande vya filamu vya aina tofauti huku wakipima misuli hiyo pamoja na misuli ya mabega. Filamu ilipokuwa ya kutisha, misuli ya chini ilikaza pamoja na ya mabega. Ilikuwa hivyo kwa wanawake waliokuwa na tatizo la misuli ya uke kubana na kwa wale wasiokuwa nalo. Maana yake ni kwamba hofu hukaza sehemu ile kwa binadamu wa kawaida, bila yeye kuamua.

Jaribu hili ukiwa hapo ulipo. Kunja ngumi kwa nguvu, uishikilie hivyo dakika 3. Mkono utaanza kuuma, kisha kutetemeka. Ukiupiga eksirei wakati huo, mfupa utaonekana mzima. Ukipima damu, hakuna kitakachoonekana. Lakini unauma, na hakuna atakayekwambia unajifanya. Misuli ya nyonga iliyokaza miezi na miezi huuma kwa namna hiyohiyo, na inaweza kuvuta maumivu hadi kwenye paja, kiuno, kibofu na njia ya haja kubwa. Ndiyo sababu mtu anaweza kuhisi kila dalili ya UTI, mkojo unambana kila baada ya muda mfupi, na mkojo wenyewe hauna mdudu.

Mbwa anayebweka hata mwizi hayupo

Jambo la pili liko kwenye mishipa ya fahamu, ile inayopeleka taarifa kutoka mwilini hadi kwenye ubongo.

Chukua mfano wa mbwa wa mlinzi. Kabla mwizi hajaingia, mbwa alibweka mara chache tu. Siku mwizi alipoingia, alibweka sana, na alifanya kazi yake. Lakini tangu siku ile anabweka jani likianguka, paka akipita, hata mwenye nyumba akirudi. Mbwa hadanganyi. Anasikia kweli. Ila masikio yake yamekuwa mepesi mno.

Mishipa ya fahamu nayo huwa hivyo. Inaweza kuanza na ugonjwa wa kweli, labda maambukizi, labda uzazi mgumu, labda upasuaji. Ugonjwa unapona, lakini mishipa, uti wa mgongo na ubongo vimezoea kupiga kelele. Sasa kibofu kikijaa kidogo tu, taarifa inafika kama maumivu. Gesi ya kawaida tumboni inafika kama kisu. Msongo wa mawazo ni sawa na kumchokoza mbwa huyo kila usiku. Humfanya azidi kuwa macho.

Jambo jingine ni kwamba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho hutuma taarifa zao kupitia sehemu za uti wa mgongo zilizo karibu sana. Kimoja kikichokozeka, vingine huchokozeka. Ndiyo maana mtu mmoja huja na malalamiko matatu: hedhi inauma, mkojo unachoma, choo hakitoki vizuri. Anaonekana kama mtu wa kulalamika tu, kumbe ni waya zilizopita njia moja.

Sayansi imelikubali jambo hili rasmi. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inayatambua maumivu sugu kuwa ugonjwa unaojitegemea, yakiwemo ya nyonga. Si lazima kipatikane kidonda ndipo mtu ahesabiwe kuwa mgonjwa.

Mzunguko unaojilisha

Mawazo huleta maumivu, na maumivu nayo huleta mawazo. Hakuna wa kumlaumu hapo, lakini ni vizuri kuuona mzunguko wenyewe.

Mama anaumwa. Anawaza, "Labda ni kansa." Hofu inakaza misuli, maumivu yanazidi. Usiku halali. Asiyelala huhisi maumivu kwa ukali zaidi kesho yake. Tendo la ndoa linamuuma, analikwepa. Mume anadhani ana mtu mwingine, au anadhani yeye ndiye aliyeleta ugonjwa. Ugomvi unaingia. Anaacha kwenda kwenye kikoba kwa sababu ya aibu na uchovu, anakosa watu wa kuzungumza nao. Fedha ya mbolea inaliwa na vipimo. Kila hatua inaongeza kuni kwenye moto uleule.

Wapo pia waliobeba mambo mazito zaidi: waliopigwa, waliobakwa, waliofanyiwa ukatili utotoni, waliopoteza mtoto. Tafiti za nchi nyingi zimeona kuwa maumivu sugu ya nyonga hutokea zaidi kwa waliopitia ukatili. Haimaanishi kila anayeumwa alifanyiwa hivyo, na hakuna anayepaswa kulazimishwa kusema. Lakini kama ni wewe, jua kuwa mwili wako haukukosea kujilinda.

Akina baba nao

Mwanamume anayeumwa kinena, korodani, au sehemu iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, mara nyingi huambiwa ana tezi dume iliyovimba kwa wadudu. Hata hivyo, kati ya wanaume wanaoambiwa wana uvimbe huo, zaidi ya 9 kati ya 10 huwa na aina isiyo na bakteria wanaoonekana kwenye vipimo. Misuli iliyokaza na mishipa ya fahamu iliyochokozeka huhusika kwa wengi wao.

Shida ni kwamba wanaume hunyamaza. Huogopa kuambiwa nguvu za kiume zimekwisha, hununua dawa za vichupa stendi, na wasiwasi unaongezeka. Kama dereva wa bodaboda au mkata mkaa anaumwa hivyo miezi 6, naye anastahili kupimwa na kusikilizwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

"UTI sugu" na dawa zisizokwisha

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu anaenda duka la dawa, anaeleza anaumwa chini ya kitovu, anapewa sipro na flajili. Mwezi ujao vilevile. Baada ya mwaka ameambiwa ana UTI sugu, wakati pengine hakuna mtu aliyewahi kuotesha mkojo wake. Kuotesha mkojo ni kipimo cha maabara kinachoonyesha kama kweli kuna bakteria, na ni dawa gani inayowaua. Huchukua siku kadhaa, na hufanyika kwenye hospitali zenye maabara inayoweza.

Kama hakuna bakteria, dawa ya kuua bakteria haina kazi ya kufanya. Inachobaki kufanya ni kukuharibia tumbo, kukuletea fangasi, na kujenga usugu, ili siku utakapoumwa kweli isikusaidie. Kwa hiyo ukitibiwa UTI mara ya tatu bila kupona, uliza: "Je, mkojo wangu unaweza kuoteshwa?"

Vivyo hivyo, jihadhari na dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa mitandaoni na minadani. Kizazi hakihitaji kusafishwa. Kuingiza majani, unga au vidonge ukeni huleta michubuko na maambukizi, na hapo maumivu hupata sababu mpya.

Hata hospitali hakuna kidonge kimoja cha kumaliza kila kitu. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika kwenye hospitali 39 za Uingereza kwa wanawake 306 wenye maumivu sugu ya nyonga yasiyo na chanzo kinachoonekana. Baadhi walipewa dawa ya mishipa ya fahamu iitwayo gabapentini, wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Waliopewa gabapentini hawakupata nafuu zaidi ya wenzao, ila walipata kizunguzungu na usingizi zaidi.

Wakati mwingine daktari huandika amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku. Dawa hiyo hutumika pia kwa ugonjwa wa sonona, na wagonjwa wengine wakijua hilo huitupa wakisema, "Ameniona kichaa." Hapana. Kwa dozi ndogo hutumika kutuliza mishipa ya fahamu na kusaidia usingizi. Muulize daktari, usiitupe.

Unachoweza kuanza leo

Hatua hizi hazina gharama. Hazichukui nafasi ya vipimo, na hazifanyi kazi siku moja. Zipe wiki 6 hadi 8.

1. Pumua kwa tumbo. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, weka kiganja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, acha tumbo linyanyue kiganja, na uache sehemu ya chini ilegee kama mtu anayeanza kukojoa. Toa hewa polepole ukihesabu hadi 6. Fanya dakika 5 asubuhi na dakika 5 kabla ya kulala.

2. Jikague mchana. Ukiwa unachota maji, unapika au unasubiri zamu, jiulize: je, nimebana chini? Meno nimeyauma? Mabega yamepanda? Legeza. Wengi hushangaa kukuta wamebana bila kujua.

3. Usifanye mazoezi ya kubana uke au njia ya haja yanayosambazwa kwenye simu. Hayo ni ya mtu ambaye misuli yake imelegea. Kwa mwenye misuli iliyokaza yanaweza kuongeza maumivu.

4. Tumia joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kanga, weka chini ya kitovu au kiunoni dakika 15 hadi 20. Maji yasiwe ya kuunguza.

5. Usizuie haja. Ukiwa shambani kojoa unapobanwa. Kunywa maji, kula mboga za majani, maharage na matunda ili choo kiwe laini. Chooni usisukume kwa nguvu. Chuchumaa, pumua, subiri.

6. Tembea kwa ajili ya mwili. Tunajua mnatembea sana, lakini kutembea na ndoo kichwani ni kazi, hakulegezi misuli. Dakika 20 za kutembea bila mzigo, mikono ikiwa huru, zina faida yake.

7. Andika kwenye daftari. Kila jioni weka tarehe, maumivu kwa alama kuanzia 0 hadi 10, kama uko kwenye hedhi, umelala saa ngapi, na nini kimekusumbua siku hiyo. Baada ya mwezi utaona jambo ambalo kipimo hakionyeshi, na daktari naye ataliona.

8. Sema na mtu. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango unaoitwa benchi la urafiki. Bibi waliofundishwa hukaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya, wakawasikiliza wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Matokeo ya utafiti wa watu 573 yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA: baada ya miezi 6, waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Utafiti ule haukupima maumivu ya nyonga. Unachotuonyesha ni kwamba kusikilizwa vizuri na mtu aliyefundishwa kidogo hupunguza mzigo, hata pasipo na daktari wa akili. Kwako anaweza kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi, kiongozi wa dini mwenye siri, au dada mmoja wa kikoba unayemwamini.

Ukifika kituoni, sema hivi

Muda wa kuonana na tabibu ni mfupi, na aibu huufanya uwe mfupi zaidi. Jiandae na maneno haya, ongeza yako:

"Naumwa chini ya kitovu tangu mwezi fulani. Nimeshatumia dawa hizi." Beba makaratasi na maganda ya dawa.

"Yanazidi wakati fulani: hedhi, mkojo, choo, tendo la ndoa, au nikiwa na mawazo." Onyesha daftari.

"Naomba kujua ni magonjwa gani yamekwisha kuondolewa, na yapi bado hayajapimwa."

"Je, misuli ya nyonga inaweza kuwa imekaza? Kuna mtaalamu wa mazoezi ya tiba wa kunielekeza?" Wataalamu hao wanapatikana zaidi kwenye hospitali za mikoa, za kanda na baadhi ya za wilaya.

Kama kuna jambo la nyumbani linalokuumiza, una haki ya kuomba kuzungumza bila mume au ndugu kuwepo chumbani.

Kwa mume, mke na familia

Waswahili wana msemo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu haya hayana bandeji wala plasta, kwa hiyo aliye nje haoni. Mwenzako akikwambia anaumwa, usimjibu kwa "vipimo si vilikuwa safi?" Mwulize leo yako kiasi gani. Mchukulie ndoo siku yakizidi. Tendo la ndoa lisiwe la kulazimishana. Mwili unaotarajia maumivu hukaza kabla hata hujaguswa, na kila mara ukiumia unajifunza kukaza zaidi. Zungumzeni, tafuteni ukaribu usioumiza, na kama kuna ugonjwa wa zinaa umepatikana, tibiwani wote wawili bila kutafutana uchawi.

Mama wakwe nao tunawaomba. Maswali ya mjukuu yakiulizwa kila wiki, yanaingia mwilini.

Pa kuuliza

Nchini Tanzania unaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo ukaelekezwa. Kama chanzo cha msongo wako ni kipigo au ukatili, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitalini unaweza kuhudumiwa kabla ya kwenda polisi kama hali yako ni mbaya.

Na kama umeshapimwa ukaambiwa hakuna kinachoonekana, usikae nyumbani ukidhani umefika mwisho wa safari. Rudi na daftari lako, omba misuli na mishipa ya fahamu nayo iangaliwe, na usiku wa leo anza na dakika 5 za kupumua kwa tumbo.